Blanketi lenye kiuno: uchambuzi wa kisa cha mfumaji mgeni wa kroshia

Kisa hiki ni cha kweli. Mwenyewe amekubali kiandikwe, mradi jina lake na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yaondolewe. Nitamwita mfumaji. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshauri, na sehemu ya makosa utakayoyasoma ni yangu.

Usuli

Mfumaji ni mtu mzima mwenye kazi ya kutwa. Hakuwa amewahi kushika sindano ya kroshia hadi ndugu yake alipobeba ujauzito, ndipo akaamua kumfumia mtoto blanketi. Zilikuwa zimebaki wiki 11. Alinunua mabonge matano ya uzi wa akriliki wa unene wa kati, kila bonge gramu 100 na urefu wa kama mita 200, na sindano moja ya milimita 5.5. Rangi aliyoipenda ilikuwa buluu iliyokolea, karibu na nyeusi.

Hiyo rangi iweke akilini. Uzi mweusi au wa buluu ya usiku humeza vivuli vyake wenyewe, na vivuli ndivyo vinavyomwonyesha mfumaji tundu liko wapi. Mzoefu hupapasa kwa kidole akaendelea. Mgeni hana kidole hicho bado.

Alichagua blanketi la mishono mirefu mitupu, safu kwa safu, bila maua wala mapambo. Uamuzi mzuri. Mshono mrefu ni huu: unazungusha uzi mara moja kwenye sindano, unaiingiza tunduni, unavuta kitanzi ili vitanzi viwe vitatu, unapitisha uzi kwenye viwili, kisha kwenye viwili vilivyobaki. Hupanda haraka, kwa hiyo mtu anaona kazi inasogea.

Mpango wake ulikuwa upana wa sentimita 80 na urefu wa sentimita 100. Maelezo aliyoyafuata yalisema mishono 13 kwa kila sentimita 10, ndiyo kusema mishono 104 kwa safu. Alianza na pete 106 za mnyororo, yaani vitanzi vinavyopitishwa kimoja ndani ya kingine kuwa msingi wa safu ya kwanza, na kuingiza sindano kwenye pete ya nne kutoka sindanoni. Zile tatu alizoziruka zilihesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa.

Kikwazo cha kwanza: majina

Kabla ya yote alipoteza jioni moja kwa sababu isiyomhusu. Maelezo aliyokuwa nayo yaliandikwa kwa majina ya Uingereza, na video aliyoitazama ilitumia majina ya Marekani. Mshono mrefu nilioueleza hapo juu, Marekani huuita dabo na Uingereza huuita trebo. Halafu dabo ya Uingereza ni mshono mfupi, ambao Marekani huuita singo. Maelezo yalimwambia trebo, akaenda kwenye video akajifunza trebo ya Marekani, ambayo uzi huzungushwa mara mbili kabla ya kuingia tunduni. Baada ya safu tatu alikuwa na wavu.

Alisimama, akalinganisha na picha, akaona havifanani, akafumua. Hakuuliza mtu. Nautaja mkasa huu mdogo kwa sababu unaonyesha kwamba jicho alikuwa nalo tangu mwanzo, ila lilijua kuangalia kitambaa kizima tu.

Safu ya 1 hadi ya 22

Alifuma karibu kila usiku kwa wiki tatu. Mkono wake ulikuwa na uwiano mzuri kwa mgeni: mishono ya katikati ya kitambaa ilisimama sawa, hakuna iliyopasua uzi, hakuna iliyorukwa. Ukiikata ile katikati na kumwonyesha mtu, angesema ni kazi ya mwaka mzima.

Pembeni mambo yalikuwa mengine. Mwisho wa kila safu kuna mshono wa kwanza wa safu iliyopita, ambao kwa mbinu aliyoitumia haukuwa mshono hasa bali pete tatu za mnyororo wa kugeukia, zile zinazofumwa mwanzo wa safu ili kupanda hadi kimo chake. Pete hizo ni nyembamba kuliko mshono mrefu, hujikunja kuelekea nyuma, na kichwa chake hakina umbo la msuko kama vichwa vingine. Kwenye uzi mweusi usiku, huonekana kama uzi uliolegea tu pembeni. Mfumaji aliufikia mshono mrefu wa mwisho aliouona, akamaliza, akageuza kazi. Ule mnyororo aliuacha.

Kila safu ikapoteza mshono mmoja. Kwa kuwa kazi hugeuzwa kila safu, upungufu ulitokea leo kushoto, kesho kulia. Kama ungekuwa upande mmoja tu, angeona kitambaa kinainama mapema sana. Kwa kuwa ulikuwa pande zote mbili kwa zamu, blanketi lilichongoka kwa usawa, taratibu, na jicho likaridhika.

Kulikuwa na jambo la pili lililosaidia kulificha la kwanza. Mnyororo wake wa mwanzo ulikuwa umekazwa mno. Wageni wengi hukaza mnyororo kwa sababu kitanzi kimoja peke yake kinaonekana kama kitachomoka. Ukingo wa chini ukawa na sentimita 73, na safu ya tatu juu yake ikajitanua hadi karibu 79. Kwa hiyo alipoona kitambaa kinatanuka kisha kinarudi ndani, alidhani ndivyo kroshia inavyojituliza. Makosa mawili yalikuwa yanatoleana ushahidi wa uongo.

Safu ya 22 ilipokwisha alikunja kazi katikati ili aone itakavyokaa mkononi mwa mama mtoto. Ndipo alipoona kingo hazikutani. Alipima juu: sentimita 64.

Ushauri wangu wa kwanza

Alinitumia picha na swali fupi: “Mwalimu, mbona linapungua?”

Picha ilionyesha kitambaa chote kimetandazwa kitandani, kikiwa kidogo na cheusi. Nilijua jibu kabla ya kumaliza kuitazama, maana kisa hiki kila mfundishaji amekiona mara nyingi. Nikamwandikia: “Unapoteza mishono pembeni. Hesabu kila safu.” Nikaweka simu chini nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Alihesabu. Akapata 82. (Kwa hesabu yangu ilikuwa 83, ila mnyororo wa kugeukia hakuuhesabu, kwa kuwa kwake haukuwa mshono.) Akajua anapoteza, kama nilivyosema. Sasa afanye nini? Sikumwambia. Akili yake ikampa jibu ambalo akili yoyote timamu ingelitoa: kama mishono inapungua, iongeze. Kuanzia safu ya 23 akawa anaweka mishono miwili kwenye tundu la kwanza alilofumia na miwili kwenye la mwisho.

Fanya hesabu. Mbili zinaongezeka, moja bado inapotea kwa sababu ile ile ya zamani, hivyo kila safu inapata mshono mmoja wa ziada. Safu nane baadaye alikuwa na mishono 91, upana wa sentimita 70, na kitambaa chenye kiuno: kipana chini, chembamba katikati, kinachotanuka tena juu. Safari hii hakutuma picha. Alikuja nacho mwenyewe, akakitandaza mezani akasema, “Nimefuma gauni.”

Mezani

Tulikaa saa moja na nusu. Nalieleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo kisa kilipogeuka.

Nilianza kwa kutandika kitambaa cheupe chini ya kazi na kuleta taa karibu. Weupe ukipita kwenye matundu ya uzi mweusi, kila mshono unajitokeza kama nguzo ya uzio. Halafu nikampa sindano butu ya kushonea nikamwomba asifume chochote; anionyeshe tu, kwa ncha ya sindano, kichwa cha kila mshono wa safu ya juu kutoka kulia hadi kushoto.

Katikati ya kitambaa hakusita hata mara moja. Alipofika mwisho wa kushoto alisimama kwenye mshono mrefu wa mwisho na kuiweka sindano chini.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Na hiki?” Niliuvuta mnyororo wa kugeukia kwa ukucha, ukajikunjua.

Alikitazama muda mrefu. “Hicho si mshono. Hicho ni cha kupandia tu.”

Hapo nikaelewa kilichokuwa kikiendelea kwa wiki nne. Tatizo halikuwa uzembe, wala mkono, wala kuhesabu. Katika ramani aliyokuwa nayo kichwani, mnyororo ule ulikuwa ngazi, na ngazi mtu haifumii juu yake. Ungemwambia ahesabu mara mia, angehesabu mara mia kwa ramani ile ile. Hesabu ilimjulisha kwamba amepotea bila kumwonyesha njia panda aliyokosea.

Nikamrudisha safu ya 2, mahali pa mwanzo pa kosa. Akatafuta mwenyewe mnyororo ulioachwa. Akaupata. Safu ya 3 akaupata upande wa pili. Kufikia safu ya 7 alikuwa anaiona minyororo iliyoachwa kabla sindano haijafika, imening'inia pembeni kwa zamu. Akacheka akasema zinaonekana kama meno ya kitana. Kwenye safu ya 23 akaona pia mishono miwili ikitoka tundu moja, imeachana miguu kama uma.

Sikugusa sindano ya kroshia siku hiyo. Yeye pia hakuigusa.

Uamuzi na sababu zake

Njia zilikuwa nne.

Kufumua hadi mahali pazuri pa mwisho. Kwa kawaida hii ndiyo njia ya busara, ila mahali pazuri pa mwisho palikuwa safu ya 1, nayo ilikalia mnyororo uliokazwa. Kuokoa safu moja iliyopinda hakuna faida.

Kuziba pembe kwa pindo pana. Inawezekana kujaza mapengo ya pembeni kwa mishono mifupi na mirefu hadi ukingo unyooke. Ni kazi inayotaka kusoma kitambaa kuliko kufuma blanketi lenyewe. Nilikataa.

Kulikubali lilivyo. Mtoto hajui hesabu ya mishono, na sioni aibu kwa kazi iliyopinda. Lakini mfumaji alisema waziwazi kwamba hatafurahi kulitoa, na zawadi mtu anayoionea haya haitolewi kwa mkono mkunjufu.

Kuanza upya. Alilichagua hili. Yeye alitaka kufumua lote usiku ule ule, alizungushe bonge na kusahau. Nilimzuia, na huu ndio ushauri wangu pekee katika kisa hiki ambao ningeurudia neno kwa neno: anza jipya na mabonge mawili mazima yaliyobaki, na la zamani liache likae mezani mpaka uzi uishe. Safu zile 30 zilikuwa zimekula mabonge mawili na ushee, kwa hiyo hakukuwa na haraka ya kuurudisha uzi ule. Na kwa mtu ambaye ndiyo kwanza amejifunza kusoma, kile kipande kilikuwa kitabu chenye kila kosa lake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, kwa mpangilio.

Tukabadilisha na mbinu ya pembeni. Badala ya minyororo mitatu inayohesabiwa, tukatumia miwili isiyohesabiwa: unageuza kazi, unafuma pete mbili, kisha unafuma mshono mrefu kwenye kichwa cha mshono wa kwanza kabisa. Kwa mtindo huu mshono wa mwisho wa kila safu ni mshono halisi wenye kichwa halisi. Ukingo hutokeza vinundu vidogo, na wafumaji wengine hawavipendi. Pindo huvifunika.

Blanketi la pili

Kwanza sampuli. Alifuma kipande cha karibu sentimita 15 kwa 15 na kupima sentimita 10 za katikati, kwa sababu kingo za sampuli hudanganya. Akapata mishono 12 na safu 6 na nusu, si mishono 13 ya maelezo. Wiki nne zilikuwa zimeulegeza mkono wake. Kwa sentimita 80 ilikuwa mishono 96, kwa hiyo pete 98 za mnyororo. Mnyororo huo aliufuma kwa sindano ya milimita 6.5 ya kuazima, kisha akarudi kwenye 5.5. Ukingo wa chini ukalala kama rula.

Kwenye safu ya kwanza alifunga vipande vya uzi wa njano kila baada ya mishono 24, ili kuhesabu 96 kuwe kuhesabu 24 mara nne. Ukikatizwa na simu, unapoteza robo tu. Alama ya pili, pini ya usalama, aliiweka kwenye mshono wa kwanza wa kila safu, kwa kuwa huo ndio utakaokuwa wa mwisho akirudi. Akifika kwenye pini, anafuma hapo, anageuza, anaihamisha.

Safu 18 zilipita bila tatizo. Ya 19 ikatoa 97.

Simu haikulia. Alinisimulia baadaye: alichukua blanketi la zamani, akaliweka sambamba na jipya juu ya shuka jeupe, akasoma ukingo hadi ukingo. La zamani lilikuwa na minyororo iliyoachwa. Jipya lilikuwa na mnyororo uliofumiwa juu yake. Pini ilikuwa imeanguka, na kwa kuwa wiki nzima alikuwa amejihubiria asiuache mnyororo wa mwisho, aliufumia, ilhali kwa mbinu mpya haukupaswa kuhesabiwa. Alifumua mshono mmoja, akaendelea. Kosa lilimgharimu kama dakika tano.

Baada ya safu ya 21 mabonge mawili yaliisha, na kitabu kikaanza kufumuliwa. Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi kama nywele zilizosukwa, na ukiutumia hivyo hivyo mishono haitoshani. Aliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, akaufunga sehemu nne usijichanganye, akaulowesha, akautundika ukauke. Haukunyooka kabisa, lakini ulitosha.

Kosa la uzani

Hapa tena tulizembea, wote wawili. Mpango ulikuwa safu 65. Kwenye safu ya 58 uzi uliisha.

Tungeweza kujua mapema, na njia yake ni rahisi mno hata naona haya kuiandika. Unapima bonge kwa mizani ya jikoni, unafuma safu mbili, unapima tena. Alipofanya hivyo, tayari akiwa kwenye safu za mwisho, safu mbili zilikuwa zinakula gramu 17. Ukigawanya gramu 500 kwa 17 unapata jozi 29 na ushee za safu, kama 58. Jibu lilikuwepo tangu safu ya 3.

Alinunua bonge jingine la aina ile ile na rangi ile ile. Namba ya mkupuo wa rangi iliyoandikwa kwenye karatasi ya bonge ilikuwa tofauti. Uzi uliotiwa rangi pamoja hupewa namba moja, na mikupuo miwili ya rangi moja inaweza kutofautiana kidogo tu, kiasi ambacho dukani hakionekani ila kwenye kitambaa kinachora mstari. Bonge jipya lilikuwa na wekundu kidogo. Mfumaji alitaka kufuma safu saba zilizobaki nalo hivyo hivyo. Nilimwonyesha mstari ule kwa kuweka bonge juu ya kitambaa mchana, karibu na dirisha. Akaamua mwenyewe kusimamisha urefu kwenye safu ya 58, karibu sentimita 89, na kufanya pindo la rangi tofauti kabisa, ya maziwa. Tofauti ndogo inaonekana kama kosa, lakini kubwa inaonekana kama nia.

Pindo lilikuwa mizunguko mitatu ya mishono mifupi. Mzunguko wa kwanza aliufuma kwa kuweka mishono mitatu kwenye ubavu wa kila safu, na pembeni pakajikunja marinda. Mshono mrefu una kimo cha karibu mishono mifupi miwili, kwa hiyo miwili kwa kila safu ndiyo inayolaza ukingo, na mitatu inafaa kwenye pembe peke yake. Alifumua mzunguko huo na kuurudia.

Miisho ya uzi aliiacha na sentimita 15 kila mmoja, akaipitisha ndani ya mishono kwenda, kurudi, na kwenda tena. Kwenye kitu cha mtoto mimi husisitiza sana hapo, kwa sababu mwisho uliochomoka huzunguka kidole kidogo. Alitaka kumalizia kwa pasi. Nilimwomba asifanye hivyo: akriliki ikiguswa na pasi ya moto hulegea na kupoteza uhai, na hairudi. Alililowesha, akalibana kwa pini juu ya taulo kwa vipimo, likakauka usiku.

Matokeo

Blanketi lilikuwa na sentimita 84 kwa 93 pamoja na pindo. Kona zote nne ni kona. Lilikamilika wiki ya 13, na mtoto alikuwa amekwisha kuwa na wiki mbili duniani. Mama yake hulitumia kumfunika akiwa amempakata. Kitandani halilazwi naye, kwa kuwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hatakiwi kuachwa alale na blanketi legevu.

Kwa muda, kazi ilichelewa. Kwa uzi, ilihitaji bonge la ziada la pindo, na lile la buluu yenye wekundu lilibaki bila kazi.

Uchambuzi

Watu wengi wakisimuliwa kisa hiki husema somo lake ni kuhesabu. Nimeshaeleza kwa nini sikubaliani. Kuhesabu kulikuwepo kuanzia safu ya 22, na ndiko kulikozaa kiuno. Kilichokosekana ni uwezo wa kulitazama kitambaa na kusema huu ni mshono, huu si mshono, huu ulitoka hapa. Sisi wafundishaji tunafundisha mwendo wa mkono kwanza kwa sababu unaonekana na unafurahisha, na tunaacha kusoma kuje kwenyewe. Kwa wengine huja. Kwa anayefuma peke yake, usiku, kwa uzi mweusi, kunaweza kuja blanketi zima likiwa limekwisha.

Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa sahihi kwa maneno na mbovu kwa kazi. Ulitaja dalili, ukaagiza kipimo, haukugusa chanzo. Ningemwomba picha moja tu ya karibu ya ukingo, yenye kitu cheupe nyuma, safu nane zisingefumwa. Siku hizi siitoi hukumu kwa picha ya kitambaa kizima, hata nikiwa na hakika. Hasa nikiwa na hakika.

Uamuzi wa kutofumua mara moja ulilipa kwenye safu ya 19, na sijui njia nyingine ambayo ingemfanya alitatue lile peke yake. Ulikuwa na gharama: uzi wa mabonge mawili ulifungwa kwenye kitu kisichofaa kwa wiki kadhaa, na kama muda ungekuwa mfupi zaidi nisingeupendekeza.

Kubadilisha mbinu ya pembeni nina wasiwasi nako. Kulimsaidia, ndiyo. Lakini kulimtoa kwenye tatizo kabla hajalimaliza, na kosa la safu ya 19 lilikuwa mtoto wa mabadiliko hayo: sheria mbili kichwani, moja ya kuufumia mnyororo na nyingine ya kuuacha. Mwanafunzi aliyemfuata nilimwachia minyororo mitatu inayohesabiwa, nikamwekea pini kwenye pete ya tatu ya kila mnyororo, na hakupotea. Mmoja hatoshi kuniamulia.

Rangi ya uzi ningeipinga mwanzoni kama ningeulizwa. Rangi ya kati, iliyotulia, isiyo na manyoya, ndiyo inayomfaa anayeanza. Ila sikuulizwa, na mtu aliyekwisha kununua mabonge matano haambiwi akayatupe. Anapewa taa na shuka jeupe.

Uzani ndio unaonikera zaidi, kwa sababu hauna kisingizio. Sampuli tulifuma, tukaipima kwa rula, tukaiweka kando. Mizani ilikuwa mita mbili kutoka mezani.

Mfumaji sasa ana kazi nyingine mkononi, ya mabonge saba, rangi ya mchanga. Mnyororo wa mwanzo aliufuma mara tatu kabla hajauridhia. Bonge la buluu yenye wekundu amelikatakata vipande vifupi, na ndivyo anavyofunga kila baada ya mishono 24.